Nicanor Alivyoenda Himalaya

Nicanor alisafiri wiki mbili nzima, na hakuvuka Kibera. Nasema hivi nikiwa na uchungu, maana mimi ni jirani yake hapa Gatina na nilikuwa kwenye msafara wa kumsindikiza.

Kazi yake ni kubeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Kenya. Mahema, sufuria, viti vya kukunja, hata mto wa mtu. Mwaka huu mgeni mmoja Mjerumani aliyewahi kupanda naye, Katrin, alimwalika Himalaya, upande wa India. Tikiti angelipa yeye; Nicanor atafute visa ya utalii tu. Neno hilo, mtalii, alituimbia mpaka tukamchoka. Mtu wa miaka arobaini, na hajawahi kupanda mlima akiwa amenyoosha mgongo!

Visa yenyewe huombwa kwa mtandao. Nicanor hana barua pepe, kwa hiyo Mbuthia wa saiba, duka la intaneti la mtaani, alitumia yake, kama anavyowafanyia wateja wake wote. Picha ya kwanza ilikataliwa, kwa sababu ilikatwa kutoka kwa picha ya harusi na bega la mkewe, Seline, lilikuwa linaonekana. Wakatuma nyingine, wakaambiwa wasubiri.

Kusubiri ndiko sisi hatukujui. Visa haijatoka, pasta keshatangaza kanisani kwamba ndugu yetu anaondoka Ijumaa. Kina mama wakapika. Tukamwombea, tukamnunulia koti zito, tukambebea begi hadi steji tukiimba. Angesema nini, na nani angemsikia? Alipanda gari akitupungia mkono, akashukia mbele, akaenda kujificha kwa dada yake Trizah kule Kibera. Simu akazima, maana mtu aliye Himalaya hawezi kupokea salamu za Gatina nzima. Siri hiyo, hapa Gatina, aliijua Seline peke yake, naye ndiye aliyenisimulia baadaye, akilia.

Jumatatu jioni Mbuthia alikuja kwenye ploti wanakopanga, na bahasha mkononi. Mama Angeline, mwenye ploti, alikuwa uani akikatakata sukuma wiki.

"Niaje Seline? Nicanor ako?"

Seline aliona Mama Angeline ameinua kichwa. Akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Wewe Mbuthia umelala wapi? Nicanor alienda Ijumaa! Saa hii ako Himalaya!"

"Ameenda? Na nani alimtolea visa?"

"Si alipata! Kwani angeenda aje?"

Mbuthia alikunja uso. Alidhani Nicanor amemkimbia, akahamia saiba nyingine. "Sawa. Siku ingine aende huko huko," akasema, akageuka na bahasha yake. Seline akashusha pumzi. Alijiona ameokoa heshima ya mumewe.

Siku ya "kurudi" ilipofika, Nicanor alitoka Kibera na begi lake, akapitia kwanza saiba. Alikuwa amefura.

"Buda, visa yangu ilikwama wapi? Unajua vile nimeaibika?"

Mbuthia alimkodolea macho, kisha akavuta droo na kumpa bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi yenye uso wake, jina lake na neno la kukubaliwa. Visa ilitoka Jumatatu ile ile.

"Nilikuletea hadi kwa nyumba," Mbuthia akasema. "Bibi yako akaniambia ushaenda. Nikajua umenichezea."

Nicanor aliwasha simu palepale. Ujumbe wa Katrin ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine, wa kwanza ukimuuliza kama visa imetoka, wa mwisho ukisema wamemngoja mpaka Alhamisi na sasa wanapanda bila yeye.

Alipofika nyumbani tulikuwa tumejaa, chai mkononi. Tulimpigia vigelegele. Seline alikuwa akitusimulia habari za theluji kwa namna ya kukutia baridi. Nicanor aliketi bila kuvua viatu.

"Haya, baba, tuambie," Mama Angeline akasema. "Huko juu kulikuwa aje?"

Nicanor alimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Ulizeni Seline," akasema. "Hii safari yangu, yeye ndiye anaijua."

Tukacheka sote, na Seline akacheka kutushinda. Alikuwa bado hajui.