Kioo cha Profesa Nilichokifuta

Meza yangu ya kutengenezea redio ilikuwa Kariakoo, barazani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa, wakati ule wa ruksa ya kuagiza bidhaa nje, makontena yanafunguliwa kila wiki na redio kaseti zinamwagwa njiani kama viazi. Huyo muuza vitambaa alinipenda, ingawa redio yake mwenyewe ilinishinda mpaka leo. Lakini siyo yeye ninayemtaka hapa. Namtaka profesa.

Profesa alifundisha uhandisi chuo kikuu. Mtu wa Upanga, mwembamba, mfuko wa shati umejaa kalamu. Mimi niliishia darasa la nne, yeye kasoma mpaka Ulaya, na bado kila akifika: "Shikamoo, fundi." Nikiitikia marahaba, wenzangu wa meza za jirani wanacheka. "Mzee, leo umeamkiwa na digrii tatu!"

Jumatatu moja akaleta mita yake ya kupimia umeme, imekufa, pamoja na kipande cha kioo ndani ya kiboksi cha dawa.

"Mita ikipona, ijaribu na hiki. Ijumaa wageni wanakuja kuona kazi yangu. Wakiiona wataniletea mashine. Wasipoiona, chumba changu cha utafiti kinageuzwa stoo ya viti."

Mita waya tu ulikuwa umeachia. Nikaulehemu, nikapima kioo, sindano ikacheza. Safi. Sasa mafundi wote wa mtaa ule tulikuwa na desturi: kitu cha mteja hakirudi na vumbi. Redio ya mtu nitaifuta mpaka matundu ya spika. Nikaona kioo kina weusiweusi, kama moshi wa kibatari. Nikakipulizia, nikachukua kitambaa na spiriti, kikang'aa.

Saa kumi profesa akarudi. Akakiinua kioo kwenye mwanga, akakigeuza, akajikalia kwenye ndoo yangu.

"Fundi, ule moshi uko wapi?"

"Nimeutoa, profesa. Usijali, hiyo bure."

Hakupandisha sauti. Alinieleza polepole kwamba ule moshi ulikuwa dhahabu. Nyembamba hivi kwamba uchane unywele mmoja vipande elfu ndo uikaribie, na ikishakuwa nyembamba hivyo, umeme unapita humo kwa tabia nyingine kabisa. Tabia hiyo ndiyo alikuwa akiitafuta miaka yote. Na kutengeneza nyingine hawezi: dhahabu hiyo hupakwa ndani ya chombo kisicho na hewa, na pampu yake pekee ya kunyonya hewa ilikufa siku ileile alipokimaliza kile.

Nilitamani ardhi ya Kariakoo inimeze, na meza yangu na kitambaa. Nikauliza tu ili nisinyamaze: "Hiyo pampu, si kama kompresa ya friji?"

Akaniangalia. "Ni ndugu yake."

Kesho yake tulikuwa Buguruni kwa fundi friji, tunang'oa kompresa kwenye friji bovu. Siku mbili nikashinda chumbani kwake chuoni, nafunga mipira, hewa inavuja, naziba, inavujia pengine. Alhamisi mchana kioo kikatoka na moshi wake. Akaninyooshea.

"Haya, shika uone."

Nikaficha mikono kwapani. "Sishiki!"

Akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

Wageni waliona, mashine zikaja, viti vikatafutiwa stoo nyingine. Siku hizi amestaafu, lakini hupita mezani kwangu, miwani imejaa alama za vidole mpaka nashangaa anavyoona njia.

"Profesa, si usafishe hiyo miwani?"

"Nimpe nani, fundi? Wewe?"