Mlinzi Asiyefika

Hilda Bagnall alikuwa msafishaji wa ukumbi wa kanisa kule Burslem, Uingereza, na funguo za ukumbi zilikaa kiunoni mwake, si kwa mtu mwingine. Kusoma alijua kwa shida, maana shule aliiacha mapema akaenda kiwandani kupaka rangi vikombe. Lakini jina la mumewe alilitambua popote lilipoandikwa.

Mumewe, Wilfred, alichimba makaa ya mawe miaka thelathini na mmoja. Mwili uko chini ya ardhi, akili iko kwenye nyota. Kila Jumamosi alinunua sokoni riwaya za safari za angani, zile kuukuu zilizochanika majalada, akamsomea Hilda huku yeye akimenya viazi. Vumbi la makaa lilipomjaa mapafuni, kazi ikamshinda, akachukua daftari akaandika hadithi yake mwenyewe. Chombo kinasafiri miaka elfu kutafuta dunia nyingine. Abiria wote wamegandishwa, wamelala. Mlinzi mmoja tu yuko macho; anawasha taa, anafuta vioo, anazeeka. Anafia njiani, na watakaoamka hawatajua kwamba aliwahi kuwepo. Wilfred alimaliza ukurasa wa mwisho Februari. Machi wakamzika, na kaburi lake likawekwa namba tu, bila jina.

Mwaka 1973 ukumbi ukakodiwa kwa mazoezi na bendi ya vijana wa roki, ya aina ile ambayo wimbo wake mmoja unakula upande mzima wa santuri. Kiongozi wao, mpiga kinanda Lionel Sproston, alitembea na riwaya zilezile za angani mfukoni; bendi za namna yake zilichota humo maneno ya nyimbo zao. Hilda alipoziona, akamletea daftari. Lionel akalisoma amesimama mpaka chai yake ikapoa.

"Bi Bagnall, huu ndio wimbo wetu. Na kwenye jalada la santuri tutachapa: maneno ya Wilfred Bagnall."

"Sawa," alisema Hilda, akaendelea kupiga deki. Lakini usiku huo hakula.

Mwaka uliofuata Lionel akaja na karatasi ya jalada, ya kusahihishwa kabla haijachapwa. Hilda akaweka kidole juu ya jina, akakiacha hapo kitambo.

"Haya, nisomee mwisho wa wimbo."

Lionel akasoma. Mlinzi alishuka ngazi, jua jipya likamwangaza usoni, abiria wakamshangilia.

"Huyo nani?"

"Mlinzi, Bi Bagnall."

"Mlinzi alikufa."

"Tumebadilisha kidogo. Pale kinanda kinapanda, gitaa linapanda. Huwezi kupandisha muziki wote ule halafu mtu afe. Watu watatoka wamenuna."

"Kinanda dakika tisa. Mtu kufa dakika moja, mnaona nyingi."

Mpiga ngoma akacheka. Lionel akamkata jicho.

"Mzee mwenyewe angefurahi," Lionel alisema.

"Umemjulia wapi wewe, mwanangu? Mimi ndiye niliyemshikia beseni akitema weusi. Alijua hafiki. Akaandika habari za asiyefika, ili walau mtu mmoja amjue."

Lionel aliinamisha kichwa. "Tumekwisha kurekodi. Kilichobaki kubadilishwa ni karatasi hii tu."

"Basi nipe kalamu."

Akalikata jina, mstari mmoja, polepole, kwa mkono uleule uliozoea kuzungusha rangi ukingoni mwa kikombe.

"Lingekuwa madukani nchi nzima, Bi Bagnall."

"Najua lingekuwa wapi. Imbeni wimbo wenu. Huyo aliyefika si wa mume wangu."

Akachukua daftari juu ya kinanda, akalifuta kwa aproni, akaenda nalo nyumbani.

Jumapili, baada ya ibada, alilifungua mezani kwenye ukurasa wa mwisho. Maneno mengi hayakumkubali machoni, lakini kwa moyo aliyajua yote. Akayasema kwa sauti, jikoni, peke yake. Alipofika pale mlinzi anapoketi chini karibu na taa ya mwisho, hakuharakisha.