Mnyororo na Utani wa Ngollo

Mwanahawa alichambua tumbaku kwenye godauni la ushirika karibu na stesheni ya Tabora, lakini jicho lake moja halikuwa kwenye majani. Lilikuwa kwa mwanawe Lukumani, dereva wa foklifti, lile gari fupi lenye mikono miwili ya chuma mbele, la kunyanyulia marobota. Kila asubuhi, kabla ya kuliwasha, Lukumani alilizunguka. Aliyapiga matairi teke, akachungulia chini kama oili imevuja, akakanyaga breki, akapiga honi. Mwisho aliushika mnyororo unaopandisha ile mikono, akaupapasa pingili kwa pingili kama mtu anayevuta tasbihi. Mwanahawa hakugusa jani mpaka vidole vya mwanawe vifike pingili ya mwisho.

"Bi Mwanahawa, mtoto ana ndevu huyo!" wenzake walimcheka.

Baba yake Lukumani alikuwa mtu wa reli, akabanwa katikati ya mabehewa mawili siku ambayo mtu alisema breki ni nzima na hakuna aliyekwenda kuzitazama. Tangu hapo neno "nzima" halikumtosha Mwanahawa. Alitaka kuona mkono umeshika.

Msimamizi wa godauni aliitwa Ngollo, Mnyamwezi wa Lusu, mtu mpana mwenye kicheko cha kufika hadi stesheni. Mwanahawa na mwanawe asili yao ni Wazaramo. Babu yao alipanda bara na msafara, akaoa Tabora, pwani hakurudi tena. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, hata kwenye msiba hawaachiani. Kwa hiyo ukaguzi wa asubuhi uliishia kwa maneno yale yale.

"Mtani!" Lukumani hupaza sauti. "Mgonjwa wako kafa. Lete sanda!"

"Zikeni, mimi nitakuja kwenye pilau," Ngollo hujibu. "Mzaramo akisikia kazi, hata chuma anakitangazia msiba."

Watu hucheka, gari likawashwa. Ikawa ndiyo desturi ya pale: gari likiwa zima, Lukumani husema limekufa, na wapakiaji wakishasikia limekufa, hushika kazi kwa amani. Mwanahawa peke yake hakupenda.

"Kifo hakiitwi, mwanangu," alimwambia nyumbani kwao Isevya.

"Mama, ni utani tu. Nisipomtania ataona nina kinyongo naye."

Mwaka ule watu walikuwa wamehamia vijiji vya Ujamaa, na tumbaku ya mashamba mapya ilimiminika mjini. Spea zilikuwa adimu. Kila kitu kilisubiriwa kutoka Dar es Salaam. Asubuhi moja vidole vya Lukumani vilisimama katikati ya mnyororo. Vikarudi nyuma. Vikasimama tena palepale. Mwanahawa akayasukuma majani pembeni.

"Mtani," Lukumani alimwambia Ngollo, "mnyororo una ufa. Gari halifai leo."

"Limekufa?"

"Sitanii. Pingili imepasuka, njoo uone."

"Juzi lilikufa, jana likafa, leo lina ufa tu? Basi linapata nafuu!"

Godauni zima lililipuka kwa kicheko.

"Wallahi sitanii, Ngollo."

"Na kiapo juu! Sikilizeni, jamani. Babu yangu alibeba pembe ya ndovu begani kutoka hapa mpaka Bagamoyo, hakuna aliyemkagua shingo. Babu yake huyu alikuja kabeba nini? Shanga na kigoma!" Kisha akashusha sauti. "Behewa linaondoka leo. Washa."

Lukumani alibaki ameshika ufunguo. Ngollo akanyoosha mkono auchukue, maana mtani ana ruhusa ya kumpokonya mtani wake kitu na isiwe ugomvi. Mwanahawa akainuka mbio, akauwahi, akautia kifuani ndani ya gauni.

"Haya, njoo uuchukue!"

Kicheko kikaongezeka maradufu. "Ufunguo umeolewa huo!" akapiga kelele Hilari, kijana wa kupanga marobota. Hapo Mwanahawa akatambua, lakini alikwisha chelewa, kwamba hofu yake nayo imegeuzwa utani. Akamtazama Hilari. Ndiye aliyesimama chini ya mzigo kila siku. Lukumani yeye hukaa nyuma, kwenye kiti. Muda wote Mwanahawa alikuwa akimhofia mtoto wake, huyu hata hakumfikiria.

"Hilari mwanangu, leo usisimame pale chini."

"Nikae wapi, mama? Mapajani mwako?"

Ngollo sasa hakucheka. "Ndugu Lukumani, anayekataa kazi ya taifa ana jina lake. Kupe. Nenda nyumbani mpaka uitwe." Akaenda ofisini, akarudi na ufunguo wa akiba, akaliendesha gari mwenyewe.

Siku ile halikutokea jambo. Behewa lilijaa, mnyororo ukapanda na kushuka, na jioni Ngollo akapiga honi mfululizo. "Marehemu kafufuka!"

Nyumbani Lukumani alikaa amekumbatia magoti. "Labda niliona vibaya, mama. Kesho nitakwenda kuomba radhi."

"Vidole vyako vilisimama mara mbili palepale."

"Na mzigo wote umepakiwa."

Alfajiri Mwanahawa alisali, akainua mikono aombe dua, asijue aombe nini. Mnyororo ukishika, mwanawe ni mwongo na mvivu mbele za watu. Ukikatika, mwanawe ni mkweli. Alijikuta akitamani hilo la pili, akaona haya, akakunja mkeka bila kuomba kitu.

Walikwenda pamoja. Lukumani alisimama mlangoni akimsubiri Ngollo ashuke garini ili amwombe radhi, na Ngollo alikuwa ndiyo kwanza amenyanyua robota. Mnyororo ulikatika kwa mlio mmoja mkavu. Mikono ya chuma ikashuka na robota lake, ikamwangukia Hilari aliyesimama chini. Lukumani ndiye aliyefika wa kwanza, akalisukuma robota na wenzake, wakamtoa Hilari. Alipona, lakini mguu wake haukunyooka tena.

Jioni Ngollo alikuja Isevya. Siku nyingine angeingia kwa kelele, afunue chungu, amuulize Mwanahawa mbona hajafa tu. Safari hii alipiga hodi taratibu, akakaa pembeni kabisa mwa mkeka.

"Shikamoo, mama."

Hakuwahi kumwamkia hivyo. Mwanahawa akaitikia, "Marahaba."

"Lukumani, urudi kazini. Mnyororo mpya umeagizwa. Na ukiona kasoro yoyote, niambie."

"Nitakuambiaje?" Lukumani aliuliza. "Nilikuambia. Nikaapa."

Mwanahawa akasema, "Mtanie mwanangu, nitanie mimi, watanie babu zetu huko makaburini. Lile gari si mtani wa mtu."

Mnyororo ulipofika, ukaguzi ulibadilika. Sasa Lukumani husema "zima" au "bovu", basi, na Ngollo huja kuzipapasa pingili zile zile bila neno. Godauni limekuwa kimya asubuhi. Mwanahawa huitazama mikono ya watu wawili, na bado haimtoshi.

Hilari alipewa kazi ya kushona magunia, kwenye benchi la Mwanahawa, fimbo yake ameiegemeza ukutani. Asubuhi moja, wote wawili wakiutazama mnyororo, alimuuliza bila kugeuka:

"Mama, siku ile ulijua?"

"Sikujua. Niliogopa."

"Mbona hukunivuta mkono?"

Kule mbele vidole vya mwanawe vilikuwa bado havijafika pingili ya mwisho. Mwanahawa alilishika jani, akaliweka tena chini.