Kitanda cha Mninga

Kila asubuhi, kabla ya kushika randa, fundi alisimama mlangoni mwa karakana na kikombe chake cha chai, akiwaangalia wapita njia kutoka utosini hadi kisiginoni. Hakuwa na nia mbaya. Miaka ishirini na mitatu ya kuunda majeneza ilikuwa imeyageuza macho yake kuwa tepu: akikutazama mara moja tu, urefu wako anao, na mabega yako anayo. Mtaa mzima ulilijua hilo. Jirani yake muuza mkaa alikuwa akipita amejikunja makusudi, akimwambia, "Usinipime leo, fundi. Bado nina mambo." Fundi alicheka, akamalizia chai, akaingia kazini.

Walimwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno aliloanza nalo kwa kila aliyefiwa. Watu walikuja wanahema, wanataka sanduku kabla jua halijazama, naye aliwavutia benchi akawaambia taratibu, kaeni kwanza, mnywe maji.

Siku mwanawe wa pekee alipokufa kwa homa ya siku mbili, yeye hakukaa wala hakunywa maji. Karakana ilikuwa tupu. Mbao za mwisho zilitoka juzi yake, na lori la mbao lilikuwa limekwama njiani kwa mvua. Basi fundi wa majeneza akamzika mtoto wake katika mbao za makasha, zile nyepesi, na ubavuni kulikuwa na maandishi ya kiwandani yaliyokataa kufutika kwa msasa. Watu hawakuona, au waliona wakanyamaza. Yeye aliona.

Tangu hapo kanisani alikaa benchi la nyuma, mdomo kaufunga, huku mkewe akiimba kule mbele na machozi yakimtiririka bila aibu. Siku moja alimuuliza anawezaje kumshukuru Mungu aliyewanyang'anya. Mkewe akamjibu kwamba hashukuru kwa kunyang'anywa. Anashukuru kwa miaka tisa ya kuitwa mama, na kwa kuwa aliyempokea mtoto wao naye anajua uchungu wa kufiwa na mwana.  Fundi aliona imani ya mwenzake ni kubwa, lakini imani si msumeno kwamba utaazima kwa jirani.

Mwaka wa tatu baada ya msiba, mke naye akaanza kukonda. Madaktari walimpasua, wakaona uvimbe ulivyosambaa, wakamshona na kumrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Wakamwambia mume wazi: miezi mitatu, ikizidi sana minne.

Fundi akakata shauri moyoni. Safari hii msiba hautamkuta mikono mitupu. Akatafuta mninga mzuri, mkavu, usio na fundo hata moja. Mdogo wake, waliyefanya naye kazi, alipouliza mbao hizo ni za nani, aliambiwa ni za mteja asiye na haraka.

Mchana mmoja mgonjwa akiwa amelala, mumewe akampima. Kwa macho alishindwa. Kila alipomtazama yalijaa maji. Akatumia kamba, kama alivyofundishwa ujanani: fundo la kwanza urefu, la pili mabega, na kamba haitupwi mpaka kazi iishe. Vipimo akavishika kichwani, kamba akaitia mfukoni mwa shati. Kisha, kwa mazoea ya mtu anayeingia na kutoka, akavaa shati la kazi, lile jingine akaliacha kwenye kiti karibu na kitanda. Lilikuwa na kifungo kinachoning'inia. Na mkewe, hata akiwa hoi, hakuwahi kuvumilia kifungo kinachoning'inia.

Wiki mbili zilipita. Siku fundi aliporudi jioni akiwa amekwisha kulipiga msasa jeneza, alimkuta ameegemea mito, kifungo kimeshonwa, kamba iko mapajani. 

"Fundi," mkewe akasema, "hii ni ya nani?"

Fundi akaitazama kamba.

"Maana kama ni yangu, umenipunja mabega. Nimekonda, lakini sijawa ufito."

Fundi alijaribu kucheka, kikatoka kilio. Akapiga magoti pale pale akamweleza yote: makasha, yale maandishi, aibu ya miaka mitatu, na mninga uliofunikwa turubai nyuma ya karakana. Alijua atafokewa. Mkewe alimwacha amalize, akamfuta uso kwa ncha ya shuka.

"Mume wangu, mwanetu hakulala kwenye makasha. Amelala mikononi mwa Bwana. Na huyo Bwana mwenyewe alizikwa kaburi la kuazima, wala hakulitumia sana." Akapumzika kidogo. "Mimi mgongo unaniuma. Hiki kitanda kimebonyea kama kapu. Kalifungue hilo jeneza uniundie kitanda, ningali na mgongo wa kukihisi."

"Na siku ikifika?"

"Siku ina mwenyewe."

Siku mbili fundi alilizunguka lile jeneza kama mtu aliyepoteza sindano. Akilifungua, na siku ikafika kesho, atamzika mke kama alivyomzika mtoto. Mdogo wake alimkumbusha kwamba mninga kama ule hautapatikana tena mwaka huu. Siku ya tatu akashika bisibisi. Alipoilegeza skrubu ya kwanza akaomba, mara ya kwanza tangu azike: "Bwana, nafungua. Ukiniaibisha, shauri yako." Haikuwa sala ya kusomwa kanisani, lakini skrubu ya pili ililegea kwa urahisi zaidi.

Kitanda kilibebwa na watu wanne. Mgonjwa akalala, akashusha pumzi ndefu, akamwambia mumewe kazi ni nzuri ila asikitie kifuniko. Muuza mkaa naye alitangaza mtaani kwamba tangu karakana ifunguliwe, huyu ndiye mteja wa kwanza kuisifu kazi ya Taratibu.

Mgonjwa aliishi juu ya kitanda kile miezi kumi na moja. Kulikuwa na siku za maumivu ambazo hakuna aliyeimba, aliuma shuka tu na mumewe akamshika mkono. Lakini siku nyingine wanakwaya walikuja kufanya mazoezi chumbani, nao hawakuwa na mtu wa besi. Fundi alianza kwa kuguna. Mwisho akaimba, nje ya ufunguo wa wimbo, na mkewe akacheka mpaka akaomba ahurumiwe mshono. Jioni wawili hao walikuwa wakishukuru kwa zamu, mke kwa uji uliokaa tumboni, fundi kwa kucheka kwake.

Alikufa saa nne asubuhi, mumewe akimchana nywele. Karakana haikuwa na mbao, na kitanda kile hakuna aliyetaka kukivunja. Mdogo wa fundi na mafundi wa mitaa mingine wakaja kila mmoja na ubao wake, wakaunda jeneza la rangi nne. Fundi alilitazama, akawashukuru mmoja mmoja. Kanisani alikaa mbele, akaimba.

Wiki ya tatu baada ya maziko alikuwa akipasua ubao, akaingia mwanamke kuagiza jeneza la baba yake. Akataja urefu.

"Pole, dada. Amefariki lini?"

"Bado. Tunajiandaa tu."

"Anaongea?"

"Anaongea mno, ndiyo shida. Anasema anaogopa."

"Yuko na nani sasa hivi?"

Mwanamke akatazama chini. Mzee alikuwa peke yake.

Fundi akauacha msumeno ndani ya ubao, nusu njia. Mdogo wake akauliza kama amsubiri au afunge. Fundi akamwambia kazi hii ya majeneza sasa ni yake, aifanye kwa upole. Kisha akakung'uta maranda kwenye suruali, akamwambia yule dada waondoke, asije mzee akachoka kusubiri, na njiani akaanza kumuuliza baba yake hupenda kuimba nini. Ubao ule alikuja kuumalizia mdogo wake.