Hodi ya Seremala

Kwa miaka thelathini seremala alipiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, maana mkewe hakutaka vumbi la mbao ndani. "Kung'uta miguu kwanza!" ndivyo alivyomjibu kutoka jikoni. Mke alipofariki, mzee hakuacha kupiga hodi. Majirani walimcheka mpaka wakachoka.

Siku ya kuhamia kwa bintiye, alimkabidhi mnunuzi funguo pale mlangoni, vyumba vyote vikiwa vitupu. Mara akakumbuka randa yake, ameisahau dirishani. Akasukuma mlango, akapiga hodi kwa mazoea.

"Kung'uta miguu kwanza!" sauti ikatoka jikoni.

Mnunuzi akaruka. "Mzee, kumbe kuna mtu ndani?"

Seremala akakung'uta viatu vyake taratibu.

"Nyumba nimekuuzia, bwana. Huyo nilimbembeleza tuhame pamoja, akakataa katakata."