Siku Kauboi Alipomwoza Binti Yake

Farasi mwenyewe hajawahi kumpanda, tuseme ukweli. Miaka yote hii Hénock amevaa kofia pana, buti za visigino na kitambaa shingoni, akiimba nyimbo za wachunga ng'ombe katika mgahawa wa nyama choma karibu na uwanja wa mbio pale Turffontein, na akiona farasi anapitishwa barabarani anahamia ng'ambo. Mtu wa Uvira kule Kongo na farasi, wapi na wapi! Nyimbo alizitoa kwenye redio ya mjomba wake, akazitia Kiswahili, akajifunza kupandisha sauti mpaka ivunjike kooni. Alipofika Johannesburg, hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho wakimbizi wenzake hawakuwa nacho.

Kazi imemlisha, haikumshibisha. Goti limekwisha kwa ajili ya zile buti, koo linawasha, na wenye mgahawa siku hizi wanamkatisha ili wafungulie watu mpira. Kinachomweka mjini ni harusi za Wakongo na Warundi. Huko mwimbaji haimbi tu, anatupa majina: anamtaja mtu, analivuta jina lake, analipamba na ukoo na kwao, na mwenye jina hana pa kujificha. Atakuja akicheza, ambandike mwimbaji noti kwenye paji la uso. Kwa hilo Hénock ni fundi.

Basi binti yake Benita akapata mchumba, Cédric, kijana wa Kirundi. Benita amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, na shuleni walimtania sana kuwa mtoto wa kauboi. Wiki ya harusi alimfuata baba yake chumbani kwake mtaa wa La Rochelle, akakaa kitandani, akamshika mkono, akamwambia kwa Kiingereza chake:

"Papa, siku hiyo usiwe kauboi. Uwe baba yangu tu. Kwenye mahari, kwa desturi yetu, wakwe walimwona baba mdogo Alexis peke yake. Wewe wakuone umekaa, na useme neno la baba."

"Sawa, mama," alimjibu, na alimaanisha. Alichoka, jamani! Alichoka kuwa kichekesho cha walevi. Alitaka mara moja tu akae kwenye kiti cha baba, mikono mitupu, atajwe yeye.

Akakaa kweli. Ukumbi wa Rosettenville ulijaa, bendi ya vijana ikapiga, na suti aliyoshonewa na mdogo wake Alexis ilimkaa sawasawa. Kisha mshereheshaji akamwita baba wa bibi harusi, akampa kipaza sauti.

Hapo sasa. Loo! Mpiga gitaa aligusa nyuzi kidogo, kwa heshima tu, na mdomo wa Hénock ukaenda wenyewe. Alikusudia kuwashukuru wakwe. Badala yake alimvuta baba wa Cédric, "Papa Juvénaaal!", akapandisha sauti ikavunjika, akaongeza ukoo, akaongeza Bujumbura. Na Papa Juvénal, mtu wa adabu zake, angefanya nini? Ametajwa. Aliinuka akicheza, akaja, akambandika mkwe wake noti usoni.

Vigelegele vikapasua ukumbi. Hénock akabaki amesimama, jasho limeishika ile noti. Kuibandua ni kumtukana mkwe. Kuiacha ni kukubali kwamba yeye ni mwimbaji wa kukodiwa. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na neno lote alilolikariri likamtoka kichwani.

Benita akainuka. Alikuja na gauni lake refu, akicheza, akiwatabasamia watu, akamwomba shoga yake noti, akambandika baba yake kando ya ile ya kwanza, maana mwimbaji aliyebandikwa na mtu mmoja huchekwa. Kisha akamwinamia sikioni, machozi yakimlengalenga.

"Imba tu, Papa. Imba tumalize."

Akaimba. Watu walicheza, wakambandika, wakamwita kauboi, na kila mtu alisema harusi imefana. Ilipobidi neno la baba lisemwe, mshereheshaji aliona heri asimsumbue mwimbaji, akamwita Alexis. Alexis alisema vizuri, kwa upole, juu ya mtoto waliyemlea. Hénock alimsikiliza akiwa kando ya spika na wapiga gitaa, na mdogo wake alipomaliza, akapiga makofi.