Bamaman ba maombi na kitanda ya tonton

Tonton, ndugu ya mama yangu, njo alinilea tangu Bukavu. Donc siku mushipa ya damu ilipasuka mu kichwa yake na bakamupasua ku hopitali moja ya huku Bruxelles, miye njo nilibakia pembeni ya kitanda, mpaka badocteur bakachoka sura yangu.

Hakuweza kumeza. Bakapitisha tuyau, mupira mwembamba, mu pua mpaka mu tumbo, mashini inasukuma maziwa pole-pole, rangi ya chai mbovu. Tonton, mwenye alikuwaka anamaliza fufu yake na kuangalia ya wengine! Kwanza ile maziwa ikamuharisha. Kisha tuyau ikaziba. Kisha yeye mwenyewe akaing'oa na mukono ya kushoto, ile yenye haikufa, akaniangalia kama mutoto mwenye ameiba sukari. Bon, bakairudisha. Infirmière, muuguzi yake, akaniambia: maziwa ikiwa inapita, kichwa ya kitanda inabakia juu. Ukimulaza, inapanda, inaingia mu mapafu. Nikasoma ile mambo mu telefone mpaka nikajiona docteur.

Dimanche, siku ya kanisa, bamaman ba groupe ya maombi ya tonton bakatoka mutaa ya Schaerbeek na tram, kitenge moja bote, parfum ya kuamusha maiti. Nikabaachia tonton, nikashuka kutafuta kahawa.

Narudia, kitanda iko sawa kama meza. Présidente yabo ameshika télécommande ya kitanda.

"Tumemulaza muzuri, mwanangu. Mafuta ya maombi haipakwe muntu amekaa kama anangojea bus."

Na mashini inaendelea kusukuma! Maziwa inatoka mu kinywa, tonton anakohoa, midomo inageuka bluu, na bamaman banapiga makofi: "Pepo inatoka! Inatoka!"

"Pepo gani, maman? Ni chakula yake ya muchana!"

Nikanyanganya télécommande, nikainua kitanda, nikamugeuza ubavu. Infirmière akakimbia, akazima mashini, akanyonya ile maziwa mu koo na mashini ingine. Lakini mapafu ilikuwa imekwisha kupata yake. Pneumonie, ugonjwa ya mapafu. Homa, antibiotique, na docteur mwenye hakutaka kuniahidi kitu. Groupe nzima nikaifukuza. Maneno yenye nilimwambia présidente siiandike hapa, juu mama yangu anajua kusoma.

Homa ikashuka. Njo tonton, mwenye alikuwa hajaweza kusema bado, akaanza kunyoosha kidole ku mulango. Infirmière? Hapana. Docteur? Hapana. Nikataja batu mpaka nikafika kwa bamaman: akafunga macho, akafungua. Ndiyo.

"Tonton, bale batu nusura bakuue!"

Akanyoosha tena. Kichwa ngumu, njo familia yetu.

Nikaita présidente. Akakuya peke yake, bila chupa ya mafuta, akasimama ku mulango kama mwanafunzi mwenye amechelewa.

"Naingia, mwanangu?"

"Ingia, maman. Kitanda haiguswe."

Akashika mukono ya tonton, kisha akaniangalia. "Na macho, tukiomba, tunaweza kufunga? Ao nayo inaharibu mapafu?"

Mabega ya tonton ikatikisika. Alikuwa anacheka, na tuyau yake mu pua.

"Mufunge tu, maman," nikamwambia. "Yangu itabakia wazi."